Fuko

Jana usiku nilinunua bando la mia tano,
hapa Isyonje, ukungu ukishafunga barabara.
Sikumpigia mtu. Sikutazama video.
Simu niliilaza kifudifudi juu ya debe,
nikalala na soksi mbili.

Alfajiri, ujumbe: Ndugu mteja, umetumia…
Nani katumia?

Ambakisye, mtoto wa kaka, mpakia magunia,
akapangusa kioo kwa kiwiko cha sweta,
akaingia Mipangilio, akashuka, akashuka
hadi mahali sijawahi kufika
ndani ya simu yangu mwenyewe.
"Haya shangazi, soma."
Majina yamepangwa kwa ulafi.
La kwanza, kile kidude cha kupamba picha
nilichowekewa harusini kwa Tusajigwe, mwaka juzi.
Nilijivika masikio ya sungura mara moja
nikakisahau.
Chenyewe hakikunisahau.

Nikacheka, maana huyu namjua.
Shamba linanawiri, majani mabichi, maua meupe,
unapita unajisifu;
siku ya kuvuna unavuta shina
linakuja jepesi kama unywele.
Fuko alishakula, chini kwa chini,
wala hakuwahi kukuamkia.

Tukaziba shimo moja moja.
WhatsApp tukaiachia:
mteja wa Makambako huagiza viazi usiku wa manane.

Leo salio limekaa palepale,
gunia lililoshonwa mdomo.
Nalichungulia kabla ya chai, baada ya chai,
nikipima, nikipokea hela.
Ambakisye anasema
kuchungulia huko nako
kunakula chaji.