Kuni za Alhamisi

Alhamisi Nayadet hufagia darasa mara mbili.
Mara ya kwanza vumbi. Mara ya pili hakuna kitu,
anafagia hewa, anafagia kivuli cha kiti changu,
na nje mvua ya Achao inagonga vigae vya mbao
kama mgeni asiyechoka kubisha hodi.

"Nenda nyumbani, mwanangu, giza linaingia."
"Bado pembe ile, Mwalimu."
Pembe ile niliiona. Ilikuwa safi kuliko sahani.

Wiki tatu nilisifu bidii yake.
Nilimpa nyota ya karatasi.
Mungu anisamehe ile nyota.

Zamani, kabla ya mvi hizi,
mvulana aitwaye Aliro alisimama mezani pangu
akasema, "Mwalimu, kuna jambo,"
nami nilikuwa na madaftari arobaini na kivuko cha saa kumi.
Nikamwambia: Jumatatu.
Jumatatu alikuja. Jambo halikuja naye.
Sasa hutengeneza injini huko Quellón,
hunisalimu kwa adabu, macho yake yakitazama viatu vyangu.

Ndiyo maana kila Machi, shule inapofunguliwa,
hufundisha majina ya mwili, yote,
bila kukohoa, bila kuyavika maua wala ndege,
kwa sauti ileile ya kufundishia mito na kugawanya,
maana kisicho na jina hakishtakiwi.
Nawaambia: iko siri ya keki,
ambayo huisha siku ya kuzaliwa,
na iko siri isiyo na siku.
Hiyo nileteeni,
hata aliyewapa akiwa mtu wa kuvuliwa kofia,
hata akiwa mimi.
Hapo hucheka.
Nayadet hakucheka.

Alhamisi ya nne sikusema nenda.
Nilichukua ufagio wa pili
tukafagia wawili sakafu isiyo na taka.
Sikuuliza.
Karibu na jiko, akizitazama kuni, si mimi,
alitaja jina la mume wa shangazi yake
na maneno manne.
Hapa siyaandiki. Niliyaandika panapostahili,
kama yalivyotoka, bila kusahihisha sarufi.

"Usimwambie mtu."
Ndipo ulimi wa mtu mzima hupenda kuteleza.
Sikuapa. Nilisema: "Nakuamini. Hukukosa.
Nitawaambia ambao kazi yao ni kukulinda,
na kabla sijawaambia, nitakuambia wewe."
Alifikiri.
"Tutamaliza kufagia kwanza?"
"Tutamaliza."

Don Heriberto alifunga mlango wa ofisi.
"Eduvina, tusikurupuke.
Evaristo anatuletea kuni bure, mwaka wa sita huu.
Watoto huota ndoto. Funika kombe..."
"Mwanaharamu apite," nikamalizia.
"Ila huyu hapiti, Mkuu.
Huyu husimama langoni saa kumi na moja."

Siri ya mtungi aijuaye kata,
nasi watu wazima hodari wa kuusifu mtungi.
Kata ina miaka minane.

Sheria inanipa saa ishirini na nne.
Sikujifanya shujaa: vidole vilitetemeka,
namba nilikosea mara mbili.
Ya tatu, mtu aliitika.

Tangu Juni hakuna aliyeleta kuni.
Muuza mkate hurudisha chenji, harudishi salamu.
Tunasoma na makoti, pumzi zetu zikionekana,
kila jibu la hesabu likitoka na wingu lake.
Nayadet yuko kwa bibi yake.
Kesi inakwenda mwendo wake; sijui itafika wapi.

Lakini leo, Alhamisi, kengele ilipolia
alikuwa wa kwanza mlangoni, kofia upande,
akimfokea mtu kuhusu mpira.

Ufagio umelala katikati ya darasa
pale ulipomwanguka.
Sakafu imejaa maganda ya penseli.
Siuinui.