Mkanda

Badri aliukata kwa kisu cha kukatia jibini,
mkanda mweusi, umepasukapasuka kama kisigino,
akautupa mezani kati ya spana na kipande cha mkate.
"Pampu ya mtumba ni lari mia mbili na sitini," alisema,
"nayo imetoka kwenye gari lililopinduka."
Nikamwambia acha.
Ile ya zamani ilikuwa ikilia kila kona tangu theluji ianze,
ikilia kama mtu anayengoja kuombwa radhi.
Acha, nitaliendesha hivi hivi.
"Basi kanda la usufi hilo," alisema, akifuta mikono.
Kwake, ndiyo. Mzigo wa mwenzio.

Kuitoa Opel gerejini
niliulalia usukani kama mtu anayefunga bomba la mji mzima.
Robo mzunguko. Pumzi. Robo nyingine.
Tairi zilisaga kokoto, zikagoma, zikaridhia shingo upande.
Kijana wa Badri alikuja kunishikia.
Nilimtazama tu. Akarudi kwenye spana zake.

Sikuwa nimemwambia Tsisana.
Yuko Bari, mwaka wa kumi na moja,
akiogesha wazee wa watu, akiwakata kucha,
na kila tarehe tano, bila kelele,
fedha zilikuwa zikifika benki ya Ambrolauri
nami nikigeuza maisha kwa kidole kimoja.
Machi, yule bibi aliyekuwa akimtunza alifariki.
Tarehe tano ikapita. Na nyingine.
"Natafuta kwingine," aliniambia. "Umekula?"
Nilisema nimekula. Gari? Zima kabisa.

Usiku mmoja wa Mei nilipakia mizinga sita,
milango yake nimeiziba kwa sponji,
nikaelekea juu, upande wa Oni,
ambako akasia huchelewa kuchanua.
Na hapo, baada ya daraja, ajabu:
mwendo ulipofika arobaini usukani ukalegea,
si kwa ule wepesi wa zamani
wa kuzungusha kijiko kwenye chai,
bali kama mkono wa mtoto uliyemshika sokoni:
anavuta, anauliza, anataka kujua tunakwenda wapi.
Kumbe barabara ile ina mifupa.
Miaka kumi na sita naipita, sikuwahi kuigusa.
Kiraka cha lami karibu na kanisa
kilinipanda hadi kwenye kiwiko.
Jiwe dogo, nililijua. Maji yaliyovuka njia, niliyajua.
Kona ya tano, ile kali, niliiingia polepole mno
na uzito wote ukarudi kwa mkupuo,
nikauvuta kwa bega, nikiwatukana babu zangu kwa majina,
na nyuma yangu nyuki laki mbili wakavuma
kwa sauti moja nene.
Ndipo nilipokisikia kimya cha mbele.

Kule juu mahali pa kugeuzia ni pembamba.
Mbele, nyuma, mbele,
mara tisa, labda kumi na moja,
shati limenigandama mgongoni,
vidole vimekakamaa kama vya wale anaowakata kucha.
Simu ikalia. Nikaibana kwa kidevu.
"Murmani, mbona unahema?"
Nageuza gari.
Akanyamaza. Kule kwake kulikuwa na sahani,
bomba la maji, mtu nisiyemjua akikohoa.
"Sisikii ile pampu," alisema.