Herufi Moja, Mia Tano

Kikombe kimeletwa dukani kwangu, Mtaa wa Narung'ombe,
kimefungwa kwa kanga ya mtu, si boksi,
sikio la kushoto limelegea.
Kibati kitupu. Nimeambiwa niandike
MSHINDI WA JUMLA, na mwaka,
halafu jina la chuo, na hapo ndipo
walipoanza kuvuana nguo.

Nkwabi wa Mlimani, karatasi mkononi:
"Kandanda tumebeba. Riadha tumebeba.
Fundi, washa mashine, umeme usije ukakatika."
Tumsifu wa Muhimbili akacheka kwa pua:
"Kandanda ni mchezo mmoja, kaka. Mmoja.
Hata bao ni mchezo mmoja.
Tulipowala kete zote mlisema nini?
Eti ubao ulikuwa na unyevu."
"Na wavu je?"
"Na kuvuta kamba je? Mlivutwa mpaka mtaroni!"
"Uwanja ulikuwa na tope!"
"Tope lilichagua upande?"

Lusajo wa Ardhi, kijana mpole,
akakunjua rula yake juu ya meza yangu ya kioo,
akachora safu: dhahabu tatu, fedha mbili, shaba moja,
kama anayepima kiwanja cha ndugu wasiosalimiana.
Kwa hesabu yake, Ardhi ndiyo ya kwanza.
Kwa hesabu ya Nkwabi, michezo ya timu
ihesabiwe mara mbili, maana jasho ni la wengi.
Kwa hesabu ya Tumsifu, pointi
zigawanywe kwa idadi ya wanafunzi,
na walioko zamu wodini wasihesabiwe.
Pointi zikazaa pointi. Wote watatu
wakawa wa kwanza.

"Jumla," nikauliza, "jumla ya nini?"
Hakuna aliyenisikia. Mimi ni fundi,
herufi moja mia tano,
nafasi kati ya maneno silipwi.

Nimechonga miaka ishirini na miwili.
Najua jina refu la chuo halienei kwenye kibati,
ukiliandika lote msomaji atalizunguka kombe
kama anayetafuta dirisha la mikopo.
Najua pia kwamba aliyeshinda huja na picha,
aliyeshindwa huja na kanuni.

Mlangoni, juu ya ndoo iliyofudikizwa,
kulikuwa na binti amekaa muda wote ule.
Kandambili. Kidole gumba cha kulia hakina ukucha.
Habari zake nilipewa baadaye na dereva wao:
asubuhi netiboli, goli kumi na moja;
saa saba, jua la utosini, kijiti cha mwisho;
jioni walipokosa mtu wa kushika mkia wa kamba
alivua raba, akajizungushia kiunoni,
akakaa chini kama jiwe la kusagia.

Wakati ule sikuyajua. Nikamuuliza tu:
"Na wewe, dada, wa chuo gani?"
"Kile kilichotoka cha sita," akasema.
Watatu wakageuka. Kimya, mara ya kwanza tangu adhuhuri.
"Kokushubila. Nimefuata lile dogo, la nidhamu.
Mmeshamaliza? Chipsi za pale kona
huwa zinaisha mapema."

Lile lilikuwa tayari tangu jana.
Hakuna aliyeligombea, hakuna aliyepiga simu,
herufi kumi na nne, nikazichonga kwa raha zangu.
Akaliweka kwapani kama mkate,
akashukuru, akaondoka akichechemea,
na kandambili moja ikipiga kuliko nyingine.

Nikadhani yameisha.

Tumsifu akakohoa. "Hivi," akasema taratibu,
"nidhamu nayo ina pointi ngapi?"
Nkwabi akakunjua tena karatasi.
Lusajo akaivuta rula.

Ndipo umeme ukakatika kweli,
Kariakoo nzima ikapiga kelele ya mara moja,
jenereta za jirani zikaanza kukohoa,
nami nikabaki na kibati kitupu mkononi,
nikiwasikia gizani
bado wanajumlisha.