Walimu Tu

Jumatatu, saa mbili asubuhi, chumba cha nne:
mkataba, mikataba. Ngeli ya u-i,
ngeli moja na mti, mlima, mkono.
Naandika ubaoni, chaki inanivunjikia.
Mti una mizizi.
Mkataba wangu una miezi minne.

Nje, Arua inajipangusa vumbi lake jekundu.
Mimi hulipwa kwa saa, saa ya kusimama mbele ya darasa.
Ya kuandaa somo haihesabiwi,
wala ile ya kumsikiliza Ayikoru mlangoni
akilia kwa sababu ya karo,
wala usiku wa karatasi mia tatu na kumi na mbili
juu ya meza ambayo pia ndiyo jiko,
jibu la swali la tatu likiwa na doa la mchuzi wa karanga.
Tangu Februari najaza fomu ya madai.
Tangu Februari mhasibu ananiambia, "Bado kidogo, mwalimu,"
na kidogo hicho kimefika Agosti.

Aliyeanza sitamtaja.
Ndiyo maana ya sahani, nitakuja kwayo.

Tulikuwa kumi na saba kwa Mama Candiru,
nyuma ya karakana ya baiskeli,
enyasa ya moto mezani, na samaki mkavu.
Drateru wa Hesabu alikuwa amejumlisha deni letu lote,
akapata namba ndefu, akaikunja kama noti.
Ezaruku wa Kemia, mwaka wa tisa huu "wa muda":
mtoto aliyezaliwa alipoajiriwa
sasa humsahihisha hesabu dukani.
Barua ilikuwa tayari. Kalamu ilikuwa tayari.
Mstari wa kwanza haukupata mwenyewe.
"Jina la juu ndilo linaloitwa ofisini," alisema Ondoga,
naye anajua: muhula uliopita liliitwa lake,
na ratiba ikatoka bila yeye.

Ndipo mmoja wetu akamaliza kula,
akaipangusa sahani kwa kiganja,
akaifudikiza juu ya karatasi, akachora duara.
Tukatia sahihi kulizunguka,
kama watoto wanavyolizunguka sinia.
Tafuta wa kwanza. Tafuta wa mwisho.
Anguzu hakutia; mkewe alikuwa wodi ya wazazi,
na wiki hiyohiyo alikuwa ameahidiwa masomo mawili.
Hatukumsema.
Drateru aliacha pengo, upana wa vidole viwili.

Wanasema mkuu wa kitivo aliizungusha ile barua
kama usukani wa lori lililonasa kando ya Enyau,
akitafuta kichwa chake.
Kisha akatuita wote, viti vikapungua, akauliza:
"Kwani nyinyi ni nani?
Si ni walimu wa muda tu?"

Tu.
Nimeifundisha silabi hiyo miaka sita.
Ikikaa nyuma humpunguza mtu:
chai tu, mgeni tu, walimu tu.
Ihamishe mbele:
tu walimu.
Sikulisema mle ndani. Nilikuwa naogopa, na koo lilikuwa kavu.
Nililisema kesho yake, darasani,
nikalipigia mstari mara mbili,
na kijana mmoja wa nyuma akacheka kwa kuelewa.

Tumelipwa mwezi mmoja kati ya saba.
Ondoga bado hana ratiba; anauza vocha za simu
na kuja mikutanoni kabla yetu.
Chama kina daftari la kurasa tisini na sita
na ada zake kwenye kopo la maziwa ya unga,
analolitunza Ezaruku,
kwa kuwa hata mwanawe hawezi kumdanganya.

Jana nilifungua daftari kutafuta nakala ya barua.
Ndani ya pengo la vidole viwili,
kwa wino wa kijani, herufi zimebanana:
Anguzu.
Na chini yake, ndogo zaidi:
msichana, kilo tatu.