Mgeni Njoo

Steshenari yangu iko Wete, ubavuni mwa duka la vitenge:
printa moja inayokohoa wino, kompyuta moja,
na kiti ambacho kila mtu hukikalia na siri yake.

Jumatatu alikaa Bwana Shaame Faki.
Akanong'ona: nitafutie dawa... ya mambo ya ndani, unaelewa.
Nikaelewa. Akalipa mia tano,
akatoka, kofia imemshukia machoni.

Jumanne akakaa mama mkwe wake,
Bi Zuwena, kutazama matokeo ya mjukuu.
Hajaandika hata namba ya mtihani,
pembeni pakawaka: NGUVU ZA KIUME, SIKU SABA TU!
Na chini yake: Bado unaitafuta hii?
"Nani alikaa hapa jana?"
"Watu," nikasema,
nikaitazama printa.

Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu,
asipojibiwa hurudi alikotoka.
Hawa hawakupiga hata moja.
Wamo ukumbini, wanahesabu viatu mlangoni,
wanajua kipi cha nani
na kimevuliwa saa ngapi.

Basi akaja mpwa wangu, likizo, kutoka Unguja.
Jina lake Mgeni.
Akafungua tumbo la mashine,
akatoa faili jembamba, halina picha wala rangi.
"Hili linaitwa Wenyeji," akasema.
Miaka sita namiliki mashine, sikuwahi kulijua.
Kabla ya kuiuliza dunia fulani anakaa wapi,
mashine huliuliza hili kwanza.

Akawaandika humo wadukuzi, maelfu kwa maelfu,
na mbele ya kila jina, anwani:
sifuri, nukta, sifuri, nukta, sifuri, nukta, sifuri.
Nyumba isiyo mtaa.
Akaiagiza mashine ijiletee orodha mpya kila alfajiri,
maana mmbea akijulikana
hubadili jina.

Jumatano ukurasa wa matokeo ukagoma.
Mgeni akacheka: "Tumemfungia na mwema."
Akaweka alama ya reli mbele ya jina moja,
ukafunguka.

Alhamisi Bi Zuwena karudi.
Pembeni pa ukurasa peupe,
kama ukuta uliopigwa chokaa kwa ajili ya Idi.
"Hapa palikuwa na watu."
"Wamehama."
"Wamehamia wapi?"
"Sifuri."

Akaandika namba, tarakimu moja moja.
Mjukuu kafaulu.
Hakuinuka.
Akavuta buibui, akasogeza kiti, akachungulia mlangoni.
"Sasa," akanong'ona, "nitafutie na mimi kitu."

Nikaitazama printa.