Karai

Nilikuwa nazibua mtaro nyuma ya soko la Kongowea,
sepetu ikagonga chuma. Nikadhani bomba.
Bastola, imevaa tope na utelezi wa maganda ya ndizi.

Sikuigusa. Nikaifunika karai, nikalikalia,
nikamtuma Bwanaheri kituoni, mbio.
"Umekalia nini, mamangu?" akauliza muuza mbaazi.
"Roho za watu. Nipe mahamri mawili."

Akaja askari, peke yake, bila kofia,
jasho mpaka kwenye mkanda,
ala kiunoni i wazi, tupu.
Hakuuliza ni wapi. Alitazama magoti yangu.
"Mama, nisitiri."

Nilimwona mdogo, kama wa kuzaa mimi.
Nikamkatia hamri. "Nimeita kituo, sikuita mtu.
Kaa. Wenzako waja."

Jua likapanda, karai likapata moto.
Sikuinuka.