Pikipiki ya Karani

Kwenye komini ya Ibanda, dirisha la pili,
karani aliuliza bila kuinua kichwa: Kazi?
Baba akasema: Mtunza miti.
Kalamu ikasimama hewani
kama nzi anayetafuta pa kutua.
Mtunza nini?
Miti.
Unachoma makala?
Hapana.
Unapasua mbao?
Hapana.
Basi wewe mulimaji.
Akaandika *mkulima*, akapiga muhuri,
na baba yangu, Cirimwami, asiye na hata tuta moja la mihogo,
akawa mkulima mbele ya serikali.

Nilikuwa nyuma yake, nimeshika picha mbili ndogo
na hasira ya miaka kumi na minne.
Nilitaka aseme.
Aseme habari ya mvinje wa masista kule Muhumba,
alioukwea siku tatu, kamba kiunoni,
akaushusha tawi kwa tawi kama anayemvua mgonjwa shati,
na chini yake watoto wa darasa la kwanza wanaimba hesabu,
na juu ya bati lao hakikuanguka hata kijiti.
Aseme anavyougonga mti kwa mgongo wa panga,
sikio kwenye gome,
mpaka ajue kwa mlio kama moyo ni mzima au umeoza.
Aseme msumeno unapita wapi, karibu na shina
lakini si ndani yake,
ili mti ufumbe kidonda chake wenyewe.
Aseme Bisimwa, mwenzake,
aliyeanguka Kadutu mwezi wa mvua,
na mwenye nyumba akauliza kwanza
nani atalipa ua lake.

Hakusema.
Mjini wanamwita Nyani. *Nyani, shuka unywe maji.*
Humlipa mwisho, baada ya fundi bomba,
baada ya yule anayepaka mashina chokaa
asiyewahi kufika juu ya kiuno chake mwenyewe.
Wengine hawalipi. Si umepata kuni?

Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati.
Kisha akatazama nje ya dirisha, muda mrefu,
kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani anayekohoa.
Akasema: Ile greveria yenu,
mkono wake wa upande wa ziwa una uyoga kwapani.
Pikipiki iliyo chini yake ni ya nani?

Karani akacheka. Foleni nayo ikacheka.
Mama mmoja wa kitenge cha njano akasema:
Muzee, kumbe uko munganga wa miti!

Tukatoka. Mvua ilikuwa inakuja juu ya ziwa,
imekwisha kukimeza kisiwa, sasa inataka Nguba.
Tulipofika kwa muuza mandazi niligeuka,
sijui kwa nini, sikutegemea kitu,
nikamwona karani, kalamu sikioni,
anaisukuma pikipiki yake polepole,
injini imezimwa asisikike,
mpaka ukutani, upande wa pili wa ua.

Tawi halikuanguka siku ile.
Halijaanguka mpaka leo; nimepita juzi,
uyoga umekuwa mpana kama sahani.
Hawajamwita alikate.
Karatasi ya baba ingali inasema mkulima.
Ila chini ya greveria, katikati ya ua uliojaa magari,
pamebaki duara la udongo mtupu
ambapo hakuna anayeegesha kitu.